Maradhi ya Kiuno Yashukayo Mguuni, na Mpaka wa Mikono ya Mkandaji

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Gitega na Muyinga)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamsimamisha wima kwa uti wa mgongo. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, wake kwa waume. Maneno yaliyokusudiwa kusomwa katika mkutano huu si ya mirathi wala ya ndoa, bali ni ya maradhi ambayo si rahisi kupata mtaa wa Gitega au Muyinga usioyajua: maumivu yaanzayo kiunoni, yakashuka takoni, yakapita nyuma ya paja kama waya wa moto, yakafika katika shavu la mguu na pengine hata katika vidole. Mwenye nayo hawezi kukaa kitako kwa raha, hawezi kupiga chafya ila kwa kushika ukuta, na usiku hugeuka huku na huku asipate ubavu wa kulalia. Waarabu huyaita irki nnasaa. Wako wasemao ni baridi, wako wasemao ni mshipa, na wako ambao, kwa udhaifu wa imani, humdhania jirani uchawi.

Pengine mtu atauliza masheikh wana kazi gani na viuno vya watu, na hali hospitali zipo. Jawabu ni kwamba mtu aumwapo kiuno, aghalabu mlango wa kwanza anaoubisha si wa hospitali. Huenda kwa mkandaji, au huja msikitini kuomba dua, na baada ya dua huuliza ni mkandaji gani aliye hodari. Basi anayeulizwa hana budi kujua anachokijibu, kwani neno lake laweza kuwa sababu ya mtu kupona, au sababu ya mtu kulemaa. Tena wafasiri wa Kurani wamesimulia kwamba Nabii Yaakub, amani imshukie, alishikwa na maradhi haya haya ya irki nnasaa, akaweka nadhiri kwamba akipona ataacha chakula akipendacho kuliko vyote, nacho kilikuwa nyama ya ngamia na maziwa yake. Kwa hiyo asichekwe mwenye kuumwa kiuno, wala asiambiwe ni mvivu.

Burundi ni nchi ya vilima, na mizigo yake mingi hupanda na kushuka kwa nguvu za migongo ya watu. Msafiri atokaye Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi huwaona wenye baiskeli waliofunga mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, wakizisukuma kwa miguu katika mpando. Huwaona akina mama, mtoto mgongoni, dumu la maji kichwani, jembe mkononi; na hao ndio watakaoinama shambani tangu asubuhi hata jua la utosi. Muyinga nako hakuko mbali na mpaka wa Tanzania, na bidhaa zipitazo Kobero hazijipakui zenyewe. Hata lugha hii ya Kiswahili ilipandishwa vilimani humu na wapagazi na wafanya biashara wa misafara, kisha na askari na makarani wa Wadachi, waliojenga boma lao Gitega mwaka 1912. Waweza kusema kwamba Kiswahili kilikuja Burundi juu ya mabega ya watu.

Walakini isidhaniwe kwamba mzigo ndio sababu pekee. Fundi cherehani, ambaye hajabeba gunia maisha yake yote, naye huumwa. Na dereva wa lori, atikisikaye mchana kutwa juu ya kiti, naye huumwa. Uchunguzi wa ndugu pacha umeonesha kwamba urithi wa wazazi una fungu kubwa katika kuchakaa kwa mgongo, na uvutaji wa sigara pia umetajwa miongoni mwa sababu.

Sasa yapasa ieleweke ni kitu gani hasa kinachouma. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katika kiuno zimo 5. Baina ya pingili na pingili pana kisahani, ambacho madaktari hukiita diski. Ukuta wake wa nje ni mgumu, umesukwa tabaka juu ya tabaka kama ukili wa mkeka. Na ndani yake mna kitu laini, chepesi kubonyea, kama utelezi mzito. Kazi ya kisahani ni kuupokea uzito na kuuacha mgongo upinde. Katikati ya uti hupita mfereji, na ndani ya mfereji hupita mishipa ya fahamu, na kila penye kiungo hutoka mshipa kuume na mshipa kushoto. Basi ukuta wa kisahani ukichoka ukatoboka, kile kitu laini husukumwa nje, kikaugusa mshipa wa fahamu na kuuvimbisha. Mshipa huo unakwenda mguuni, na kwa ajili hiyo mtu huumwa mguu, na hali ubaya uko kiunoni. Yeye huchua ndama ya mguu kwa mafuta ya nazi siku kumi, wala mguu hauna hatia.

Mara nyingi sana kisahani kiharibikacho ni kimoja katika viwili vya chini kabisa. Cha juu katika hivyo viwili kikitokeza, maumivu na ganzi hufuata upande wa nje wa mguu hata mgongo wa wayo na kidole gumba, na mgonjwa akiambiwa atembee kwa visigino, wayo hulegea. Cha chini kikitokeza, ganzi hufuata ukingo wa nje wa wayo na kidole cha mwisho, na mgonjwa hushindwa kusimama kwa ncha za vidole. Jambo hili laweza kujaribiwa na mtu yeyote, hata katika ua wa msikiti, bila ya chombo chochote. Kuna na jaribio jingine lililopewa jina la Lasègue, tabibu wa Ufaransa, ingawa aliyeliandika ni mwanafunzi wake katika mwaka 1881: mgonjwa hulala chali, na mguu wake hunyanyuliwa polepole ukiwa umenyooka, ukifika nusu ya njia maumivu yakachoma hata chini ya goti, ni alama kwamba mshipa umebanwa.

Matabibu wa Kiislamu waliyajua maradhi haya tangu zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika katika Kanuni yake ya tiba. Al-Zahrawi wa Andalusi, katika fungu la mwisho la kitabu chake kikubwa chenye mafungu 30, aliandika habari za kuyachoma kwa moto, na katika fungu hilo hilo habari za kurudisha mifupa iliyoteguka. Lakini kwamba chanzo ni kisahani, hilo halikuthibiti hata mwaka 1934, walipolitangaza Mixter na Barr, madaktari wawili wa Boston katika Marekani. Kabla ya hapo dunia nzima, wasomi kwa wajinga, ilikuwa ikipapasa gizani.

Na katika mapokezi ya Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik imetajwa dawa ya irki nnasaa, nayo ni mafuta ya mkia wa kondoo wa mabedui, huyeyushwa, hugawanywa mafungu matatu, yakanywewa siku tatu kabla ya chakula. Wako waliolichukua neno hili wakalifanya dawa ya kila kiuno katika kila nchi. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, naye hakuwa mtu wa kuidharau tiba ya Mtume, alieleza kwamba maneno hayo yaliwaelekea Waarabu wa Hijazi na majirani zao, kwa maradhi yaliyotokana na hali yao. Ikiwa mwanachuoni kama huyo alitofautisha mgonjwa na mgonjwa, nchi na nchi, haifai mwuza mafuta wa sokoni asitofautishe.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la maneno haya. Kisahani kilichotokeza, mara nyingi, hujiponya. Kile kitu laini kilichomwagika mwili hukiona kama mgeni, ukakila kidogo kidogo, na uvimbe wa mshipa ukashuka. Si jambo la siku tatu. Ni la majuma, na pengine la miezi. Katika nchi ya Uholanzi walichukuliwa wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu kwa sababu hii, wakagawanywa makundi mawili: hawa wapasuliwe upesi, na hawa wangoje na kutibiwa bila ya kisu. Habari zao zilitangazwa mwaka 2007. Waliopasuliwa walipata nafuu mapema zaidi, na hilo si dogo kwa mwenye kuumwa. Na katika waliongoja, 39 katika kila mia hawakuweza kuvumilia, wakapasuliwa baadaye. Lakini ulipotimia mwaka, katika makundi yote mawili 95 katika kila mia walisema wamepona.

Basi afikiriwe mkandaji anayeitwa siku ya arobaini. Mgonjwa amekwisha kwenda hospitali, amekunywa vidonge, amepigwa chuku, amesomewa, na hakuna kilichofaa. Mkandaji anamkanda mara tatu, na juma la pili mgonjwa anatembea. Sifa yote huenda kwa mkandaji, nayo ilikuwa haki ya zile siku arobaini. Haya hayasemwi kwa kumtweza. Huenda naye amesaidia. Yasemwa kwa sababu sifa hiyo ndiyo imtiayo ujasiri wa kumkanda mgonjwa wa kesho ambaye hakustahili kuguswa.

Je, mikono haina faida? Inayo, na haifai kukanushwa. Mjini Roma walitazamwa wagonjwa 102 wenye maumivu ya kiuno na mguu ambayo hayajawa ya muda mrefu, na visahani vyao vimetokeza. Baadhi yao walinyoshwa na kusukumwa mgongo na wajuzi wa kazi hiyo, na wengine walifanyiwa mambo ya kuigiza tu, wasijue. Katika habari zilizotangazwa mwaka 2006, waliokwisha maumivu ya mguu kabisa ni 55 katika mia kwa waliotibiwa kweli, na 20 katika mia kwa walioigiziwa. Shirika la Afya la Dunia nalo, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno yaliyokaa muda mrefu, limeitaja tiba ya mikono na ukandaji miongoni mwa mambo yafaayo, pamoja na mazoezi na mafundisho. Na likakataza kumvuta mgonjwa kwa kamba na uzito, na kumfunga mikanda ya kiuno. Mwongozo huo ni wa kiuno chenyewe zaidi kuliko wa mshipa uliobanwa, lakini ndani yake mna funzo: mikono imewekwa pamoja na mazoezi, haikuachwa peke yake.

Ila neno moja wakandaji waliache, nalo ni kusema, “Mfupa ulikuwa umetoka, nimeurudisha.” Pingili za kiuno hazitoki na kurudi kama mlango wa kabati, zimefungwa kwa kano ambazo nguvu za vidole haziwezi kuzihamisha. Ule mlio usikikao ni wa hewa ndani ya maji ya kiungo, kama mlio wa vidole vya mkono, wala si wa mfupa kuingia mahali pake. Mikono hulegeza misuli iliyokaza, hutuliza uchungu kwa kitambo, na humpa mgonjwa moyo wa kujongea. Na huko kujongea ndiko kunakomfaa.

Kuna kisa cha kweli cha New Zealand ambacho matabibu wa viungo hupenda kukisimulia. Katika mwaka 1956 mgonjwa mmoja mwenye maumivu ya mguu aliingia katika chumba cha tabibu Robin McKenzie mjini Wellington, akaambiwa alale kifudifudi juu ya kitanda angojee. Kitanda kile kilikuwa kimenyanyuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, na yule bwana akalala hivyo hivyo, mgongo umepindika kinyumenyume, hali ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa ya hatari. Tabibu aliporudi alishtuka. Na mgonjwa akamwambia kwamba tangu aanze kuumwa hajapata nafuu kama ile, maumivu yametoka mguuni. Kutokana na ajali hiyo ilizaliwa njia inayotumiwa leo katika nchi nyingi. Kanuni yake ni nyepesi kukumbukwa: maumivu yakipanda, yakaondoka wayoni na gotini yakakusanyika kiunoni, ni dalili njema, hata kiuno chenyewe kikiuma zaidi, maumivu yakishuka mguuni, lile linalofanywa liachwe mara moja, liwe ni zoezi au ni mkono wa mkandaji.

Na upigwe mfano wa watu wawili. Wa kwanza ni fundi cherehani wa Gitega. Ameumwa juma zima, mguu wa kushoto unachoma, lakini akiambiwa atembee kwa visigino anatembea, haja zake anazimiliki, hana homa wala hakukonda. Mtu huyu asilazwe kitandani mwezi mzima. Huko Uholanzi vilevile, katika mwaka 1999, ilitangazwa habari ya wagonjwa 183 wa namna hii: waliolazwa majuma mawili na walioendelea na shughuli zao kwa kadiri ya uwezo walikuwa karibu sawasawa, na baada ya majuma 12 walikuwa sawa kabisa, 87 katika mia wamepata nafuu pande zote mbili. Basi fundi na aondoke kwenye cherehani kila baada ya kitambo, atembee uani, alale kifudifudi na kujiegemeza juu ya viwiko, anywe dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Akimtaka mkandaji mwenye mkono laini, ajuaye kuchua bila ya kupinda wala kukanyaga, hapana ubaya. Na ikiwa aweza kufika kwa tabibu wa viungo, yule ambaye wafuatao Kifaransa humwita kine, ni bora zaidi.

Fundi huyo asikimbilie kupigwa picha. Eksirei huonesha mifupa, wala haimwoneshi mtu kisahani kilichotokeza. Ile picha kubwa ya sumaku ndiyo ionayo, lakini nayo huona mno. Wasomi waliokusanya picha za watu zaidi ya elfu tatu wasioumwa chochote walieleza mwaka 2015 kwamba hata katika vijana wa miaka 20, 29 katika mia wana kisahani kilichotokeza, na katika wazee wa miaka 80 ni 43 katika mia. Mtu aweza kuuza mbuzi wake apate picha, na picha imtie hofu ya kitu kisichokuwa na neno.

Wa pili katika mfano ni mchukuzi wa Muyinga. Amenyanyua gunia, kiuno kimelia, na maumivu yameshuka katika miguu yote miwili. Siku ya pili anaona mapaja kwa ndani na mahali pa kukalia pamekufa ganzi, kama aliyekaa juu ya tandiko la punda lililomfisha mwili. Anataka kukojoa, haupati mkojo. Au unatoka bila ya yeye kuujua. Huyu anaona haya, hamwambii mtu. Anamwambia mkandaji kiuno tu, na mkandaji, kwa nia safi, anamlaza chini na kumpandisha kijana juu ya mgongo wake amkanyage.

Huyu hakustahili kuguswa hata kwa kidole. Kisahani chake kimemwagika katikati ya mfereji, kimelibana tita zima la mishipa iendayo katika kibofu na haja kubwa na uume. Dawa yake ni kisu, tena ni kisu cha haraka, masiku mawili hayajapita, na kila saa iliyotangulia ni bora kuliko iliyofuata. Akichelewa, maumivu huenda yakaisha na akabaki hai, lakini akavaa kitambaa kama mtoto mchanga maisha yake yote, na ndoa yake ikaingia majaribuni. Kutoka Muyinga hadi kwenye daktari wa kupasua mgongo ni safari. Na saa inayotumika kwa mkandaji imetolewa katika safari hiyo. Jambo hili ni nadra, ashukuriwe Mwenyezi Mungu; lakini kwa kuwa ni nadra, ndiyo maana husahauliwa. Mkandaji na aulize, kabla ya kupaka mafuta: “Bwana, mkojo u sawa? Mahali pa kukalia pana fahamu? Miguu ina nguvu?” Maswali matatu hayamalizi dakika. Na wake za watu wawaulize waume zao, maana mwanamume humwambia mkewe asilomwambia mganga.

Yupo na mtu wa tatu, ambaye si mgonjwa wa kisahani kabisa, naye katika nchi hizi haifai kusahauliwa. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Huingia katika pingili za mgongo, kikazila taratibu hata zikawa kama mti ulioliwa na mchwa. Tabibu Percivall Pott wa Uingereza aliyaeleza maradhi hayo tangu 1779. Vivyo hivyo maradhi ya ng'ombe na mbuzi yaitwayo bruselosi, ambayo mtu huyapata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mimba ya mnyama iliyotoka, yanaweza kukaa kiunoni. Na saratani ya mahali pengine hupenda kuhamia mgongoni. Dalili zake ni homa, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyopumzika hata mtu akilala, au nundu inayochomoza mgongoni. Mwenye dalili hizo akipindwa kiuno, pingili huweza kuvunjika, na miguu ikafa. Naye akipelekwa hospitali mapema, kifua kikuu cha mgongo hupona kwa vidonge, vinywewe miezi kadhaa bila ya kukatisha.

Basi mkandaji ana dhima gani? Sheria ya Kiislamu haikulinyamazia jambo hili. Imepokewa katika Abu Daud, na Nasai, na Ibn Majah, kwamba Bwana Mtume aliweka dhamana juu ya mtu ajifanyaye tabibu naye hajulikani kwa utabibu: akidhuru, yampasa kulipa. Mafakihi wakaeleza kwamba tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na mgonjwa, akafanya kama ifanyavyo elimu ya kazi yake, halipi likitokea lisilotarajiwa. Na asiyejua hulipa, ijapokuwa nia yake ilikuwa njema na hakuchukua hata faranga moja. Wakandaji wengine hudhani kwamba kutopokea ujira ni kinga. Si kinga. Hodari wa wakandaji, tena hao wapo Gitega na Muyinga, na wengine wameirithi kazi kwa babu zao, ni yule ajuaye kusema, “Huyu si wangu, mpelekeni hospitali.”

Hospitali zenyewe ziko, Gitega na Muyinga; na Gitega kipo kituo cha taifa cha viungo bandia na cha kuwarudishia watu nguvu za viungo vyao. Ingekuwa kheri lau jumuiya ingewakutanisha siku moja tabibu wa viungo na wakandaji katika ukumbi mmoja, si kwa kugombezana, bali huyu amwoneshe yule zile dalili, na yule amweleze huyu ni wagonjwa gani wamfikiao kwanza. Mkandaji ana jambo ambalo daktari hana: humwona mgonjwa siku ya kwanza.

Limeulizwa mara nyingi jambo la akina mama kukandwa na wanaume. Asili ni kwamba mwanamke akandwe na mwanamke, na wakandaji wanawake si haba; wakunga wengi wana mkono mzuri wa kiuno. Asipopatikana, na haja ikawa ya kweli, yafaa mwanamume mjuzi amtibu mbele ya mumewe au maharimu yake, na afunue kadiri ya haja wala asizidishe. Lakini mwanamke mwenye dalili za yule mchukuzi wa Muyinga asicheleweshwe kwa kutafutiwa tabibu mwanamke. Dharura ina hukumu yake, na kumstiri mtu si kumwacha alemae.

Limebaki la sala, na ndilo wazee huliulizia kuliko yote. Imepokewa katika Bukhari kwamba Imran bin Husayn alikuwa mgonjwa, na Bwana Mtume akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu. Basi mwenye kiuno asijitese kwa kudhani kwamba maumivu yanazidisha thawabu. Awezaye kusimama lakini hawezi kuinama, na asimame, ainamishe kichwa na mgongo kwa kadiri awezavyo katika rukuu, na kwa sijida azidishe kuinamisha kuliko rukuu. Asiyeweza kusimama akae juu ya kiti na kufanya hivyo hivyo, wala sala yake haina upungufu. Viti na viwekwe katika pembe ya safu, miguu ya nyuma ya kiti ilingane na visigino vya wenziwe, ili aliye nyuma apate nafasi ya kusujudu. Na kijana amwonaye mzee akihangaika kunyanyuka katika tahiyatu asimvute kwa mkono mmoja ghafula. Ampe bega, mzee ashike mwenyewe, anyanyuke kwa wakati wake.

Wabillahi ttaufiki.